Mpira mpya umeniaibisha mashindanoni. Niuuze?

Mja_wa_Makupa:
Salaam aleikum wakuu. Huu mwaka wa sita nacheza boulingi kwa mpira mmoja, wa plastiki, ratili 14, niliuziwa na jirani aliyekuwa akihama. Mwezi uliopita binamu yangu kaniletea mwengine kutoka Dubai, wa resini, ratili 15. Nikaupeleka Nairobi nikapimwa vidole, ukatobolewa. Bei siitaji, mke wangu husoma humu.

Jumamosi tulikuwa na mashindano, michezo mitatu. Nikasema leo ndiyo leo. Kumbe! Nautupa kwa mstari wangu ule ule wa siku zote, ukifika katikati ya leni, ile njia ya mbao ya kutupia, wakata kushoto kama matatu ya Likoni iliyoona abiria. Mchezo wa kwanza 128. Wa pili 119. Pini ya 4 na ya 6 zimesimama zanitazama, moja huku moja kule, mara tatu nzima! Wa tatu nikamtoa mkongwe wangu kwenye mkoba kwa hasira: 176.

Sasa nambieni, aliyetoboa amekosea mashimo ama mpira wenyewe mbovu? Mashindano mengine ni baada ya wiki tatu.

kijana_wa_spea:
Mbovu kabisa huo. Niuzie mimi, elfu tatu taslimu 😂

Fundi_Msasa:
Mja, usimlaumu mtu bado. Mpira ulipokuwa ukirudi, ulikuwa na pete za mafuta? Kitambaa chako kilichafuka?

Mja_wa_Makupa:
Sasa wanikumbusha. Kitambaa kilikuwa cheupe mpaka mwisho, kama kimetoka kwa dobi.

Fundi_Msasa:
Basi ndiyo hiyo. Leni ilikuwa kavu. Leni ina futi 60 mpaka pini ya mbele, na kwa kawaida mafuta hupakwa futi 40 hivi za mwanzo. Mpira wateleza hapo, ukifika penye ukavu ndipo unashika na kupinda. Ngozi ya resini ina vitundu vidogo vidogo, inanyonya mafuta na kung'ang'ania mbao. Usipokuta mafuta, huanza kung'ang'ania mapema, ndiyo ukafika pini ya kwanza uso kwa uso badala ya kuingia ubavuni, kati ya 1 na 3. Plastiki haijali, yateleza tu, na ndiyo maana mkongwe alikuokoa.

Siku kama hiyo sogea kushoto mbao mbili tatu, na utupe kwa kasi zaidi. Ukitaka kuulainisha ung'ae na kuteleza zaidi, fanya nyumbani. Kanuni za USBC, chama cha boulingi cha Marekani, haziruhusu kugusa ngozi ya mpira kwa msasa wala dawa ya kung'arisha mchezo ukishaanza. Nishaona mtu akifutiwa pointi kwa hilo.

Na mkongwe usimuuze! Pini ya 10 ikibaki peke yake kule pembeni, tupa plastiki moja kwa moja.

Mama_Straiki:
Mimi nauliza kidole gumba. Joto hili la kaskazi, kiyoyozi chenyewe siku hiyo hakikuwa kikifanya kazi, nilikuwepo. Kidole kikifura, mpira haukuachii kwa wakati, unachelewa na kujipinda mkononi. Hapo hata mafuta yakiwepo utaenda kombo. Mwambie aliyetoboa akuachie shimo lilegee kidogo, kisha ujazie ndani kwa vipande vya tepu. Asubuhi vitatu, kidole kikifura wabandua kimoja. Ratili moja zaidi pia si mchezo, kaka, mchezo wa pili mkono ushachoka.

Mja_wa_Makupa:
Kumbe ulikuwa pale ukaniona! Ni kweli, gumba lilikuwa likitoka kwa mlio, pwap, kama kizibo cha chupa. Nikadhani ndiyo mpira mpya ulivyo.

Haya, Jumatano saa kumi na moja nitakuwa pale na mipira yote miwili, kitambaa cheupe na tepu. Fundi, ukija chai juu yangu.

kijana_wa_spea:
Elfu nne basi?