Naomba ushauri: nitambueje maua ya Menengai bila kuyachuma?

Habari zenu wapendwa. Jumamosi huwa napanda mlima Menengai kutokea Nakuru mjini. Mvua ndefu zikianza, kati ya vichaka vya leleshwa huchomoza ua la duara, jekundu kama kaa la moto, mara nyingi hata kabla ya majani yake. Nalipenda mno! Pimbi huota jua maweni, na ndege aitwaye chozi hufyonza nekta ya mishubiri.

Nataka kuweka kumbukumbu ya kila ninachokiona. Mwenzangu anashauri nichume, nikakaushe. Nasita, kwa sababu ua likichumwa halitoi mbegu. Je, picha ya ua, jani na shina inatosha kutambua mmea? Na chozi nimkaribie hadi wapi bila kumfukuza?