Kwenda Tuktoyaktuk kwa gari la kulala mwezi wa Julai: je, wiki mbili zinatosha?

MamaNasra, Edmonton

Asalaam aleikum na habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi na mume wangu, pamoja na watoto wetu wawili wenye umri wa miaka 12 na 9, tumekusudia kutumia likizo ya wiki mbili mwezi wa Julai kusafiri kwa gari la kulala, yaani lile lenye vitanda, jiko dogo la gesi na friji, kutoka hapa Edmonton, Kanada, hadi Tuktoyaktuk, kijiji kilichoko ukingoni mwa Bahari ya Aktiki. Tunajua kwamba tangu Novemba 2017 barabara inafika huko kiangazi na kipupwe, na kwamba sehemu ndefu ya njia ni ile barabara ya changarawe iitwayo Dempster, inayopita kwenye nyika ambayo mtu anaweza kuendesha kwa saa nyingi bila kuona nyumba.

Ninaomba ushauri wa wanaoifahamu njia hiyo. Je, wiki mbili zinatosha kwa familia yenye watoto? Je, gari la kukodi linafaa? Mafuta na chakula vinapatikana wapi? Vilevile, kwa kuwa jua halitui huko wakati huo, tuzipange vipi saa za swala na usingizi wa watoto? Sitaki safari ya kukimbizana na saa. Ninataka wanangu waione nchi hii wanayokulia, nayo itulie machoni mwao.

MkaziWaYukon, Whitehorse

Waaleikum salaam, dada. Umeuliza mapema, na hilo ni jema, kwa sababu magari ya kulala ya kukodi huku kwetu huisha miezi mingi kabla ya kiangazi.

Nianze na hesabu ya njia. Kutoka Edmonton hadi Whitehorse, mji mkuu wa eneo letu la Yukon, ni takriban kilomita 2,000. Kutoka Whitehorse unaelekea Dawson City, ambako ni kilomita 530 hivi, na kilomita 40 kabla ya kufika mjini ndipo Dempster inapochepuka kuelekea kaskazini. Kutoka kwenye njia panda hiyo hadi Inuvik, mji ulioko Maeneo ya Kaskazini-Magharibi, ni kilomita zinazokaribia 740 za changarawe, kisha kilomita 138 nyingine za changarawe hadi Tuktoyaktuk. Kwenda na kurudi kutoka nyumbani kwenu mtavuka kilomita 6,700. Kwenye lami mtu anaweza kuzimaliza katika wiki mbili, lakini Dempster haiendeshwi kwa mwendo wa lami. Ukitaka tairi na vioo vifike salama, mwendo ni kilomita 60 hadi 70 kwa saa, na mvua ikinyesha hupungua zaidi, kwa kuwa udongo uliotiwa chumvi ya kalsiamu ili kuzuia vumbi hugeuka tope linaloteleza na kung'ang'ania kila kitu.

Kwa hiyo wiki mbili hazitoshi mkitokea Edmonton kwa gari, ila zinatosha kabisa mkipanda ndege hadi Whitehorse na kukodi gari hapa. Mtakuwa na takriban kilomita 2,700 za kwenda na kurudi, na zaidi ya yote mtakuwa na siku za akiba. Siku za akiba si anasa kwenye njia hii. Kuna mito miwili mikubwa ambayo haina madaraja, mto Peel karibu na Fort McPherson na mto Mackenzie huko Tsiigehtchic, na yote miwili huvukwa kwa pantoni. Pantoni hizo hazitozi nauli, lakini maji yakijaa au mto ukibeba magogo mengi baada ya mvua kubwa milimani, hufungwa, na wewe unakaa ukingoni ukisubiri pamoja na madereva wa malori. Moto wa msituni nao hufunga barabara. Mwezi Agosti 2023 moto uliwalazimu wakazi wa Yellowknife kuhama mji mzima, na tangu hapo hakuna anayeuchukulia moshi wa kaskazini kuwa jambo dogo.

Mpango wa safari usiandikwe kwa kuhesabu vituo vya kulala kila usiku hadi siku ya ndege. Andikeni siku ambayo mtageuza gari mkiwa hamjafika, na muikubali tangu mwanzo. Mkiona pantoni imefungwa na siku hiyo imewadia, geuzeni bila kuona kwamba safari imeharibika, kwa sababu nchi yenye uzuri mkubwa kuliko yote katika njia hiyo, kwa maoni yangu, haiko mwisho wake. Iko kwenye hifadhi ya Tombstone, kilomita 70 hivi tu tangu njia panda, ambako milima myeusi yenye ncha kali inasimama juu ya tundra, yaani nyika ya baridi isiyo na miti. Pana kituo cha wageni chenye watumishi wanaojua hali ya barabara ya siku hiyo, na pana kambi ya serikali ambayo ada yake inajumuisha kuni. Laleni hapo mkienda na mkirudi.

Mafuta: jazeni tangi Dawson, kwa kuwa kituo cha kutegemea kinachofuata ni Eagle Plains, kilomita 369 tangu njia panda, na ukijumlisha kipande cha kutoka Dawson unapata zaidi ya kilomita 400. Baada ya hapo kuna Fort McPherson, Inuvik na Tuktoyaktuk. Bei hupanda kadiri unavyokwenda kaskazini, ila usipite kituo chochote bila kujaza kwa kutumaini cha mbele.

Jambo moja zaidi, na nimeona likiwatatiza watu: Dawson Creek na Dawson City ni miji miwili iliyoachana kwa zaidi ya kilomita 1,900. Hakikisheni mnaandika jina kamili kwenye kifaa cha ramani na kwenye nafasi mnazohifadhi.

FundiTairi, Dawson City

Ninaunga mkono aliyotangulia kuyasema, nami nitazungumzia gari peke yake.

Kwanza someni mkataba wa kukodi neno kwa neno. Kampuni nyingi haziruhusu magari yao kuingia Dempster, na nyingine huruhusu kwa malipo ya ziada. Ukiingia bila ruhusa, bima yote huanguka, na kuvutwa kutoka katikati ya barabara ile hugharimu maelfu ya dola. Ulizeni kwa maandishi, taja jina la barabara, na mpate jibu kwa maandishi. Ulizeni pia kama bima inalipia kioo cha mbele na tairi, kwa sababu vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoumia.

Barabara ile haikuchimbwa ardhini. Ni tuta lililojengwa juu ya udongo ulioganda mwaka mzima, lenye unene wa kati ya mita 1.2 na 2.4, ili joto lisishuke chini na kuyeyusha barafu iliyoshikilia ardhi. Kingo za tuta ni laini na hakuna reli ya kuzuia, kwa hiyo usisogee pembeni kabisa ili kumpisha mtu au kupiga picha. Katika sehemu kadhaa mawe yaliyotandazwa ni ya mwamba unaopasuka kwa tabaka, na kipande chake kikisimama upande wa ncha hukata tairi kama wembe. Pancha za huko mara nyingi si tundu la msumari. Ni mpasuko, na ukiwa ubavuni mwa tairi hauzibiki kwa dawa ya kupuliza wala kwa utambi.

Kwa sababu hiyo kagueni gari kabla ya kusaini. Magari mengi ya kulala hayana tairi ya akiba kabisa, yana chupa ya dawa na pampu ndogo tu. Kataeni gari hilo. Takeni lenye tairi za lori dogo, zile ngumu za tabaka 10, na tairi mbili za akiba zilizokwisha kufungwa kwenye rimu. Toeni jeki mahali ilipo, linyanyueni gari papo hapo uwanjani mwa kampuni, na mhakikishe spana inaingia kwenye nati. Jeki ya gari dogo iliyowekwa kwenye gari la kulala lililojaa maji na mizigo haitafaa kitu kwenye changarawe. Bebeni pia kipande cha ubao mnene cha kuiwekea chini.

Mnapokutana na lori, punguzeni mwendo mpaka mawe yanayorushwa yasigongane na kioo chenu kwa nguvu za magari mawili. Kila mnaposimama, futeni taa za nyuma, kwa sababu tope huzifunika zote na aliye nyuma hawaoni. Zibeni kwa utepe wa gundi matundu ya hewa yasiyohusu friji wala gesi, la sivyo mtalala ndani ya vumbi. Jioni pitisheni mkono kwenye skrubu za makabati na vibanio vya bomba la maji machafu chini ya gari, kwa maana mtikisiko wa mchana mzima hulegeza kila kilichofungwa. Mkirudi mjini, osheni gari chini na juu siku hiyohiyo. Lile tope la kalsiamu likikauka huwa gumu sana kubandua na hula chuma.

BintiLamu, zamani Inuvik

Dada MamaNasra, nimefurahi kuona umeuliza kuhusu swala, maana niliishi Inuvik kwa ajili ya kazi na swali hilo huulizwa na kila Mwislamu anayefika.

Inuvik ina msikiti. Ni jengo dogo la mbao lililojengwa Winnipeg, likasafirishwa mwaka 2010 kwa lori na kisha kwa tishari juu ya mto, umbali wa takriban kilomita 4,000, kwa kuwa kujengea kulekule kungegharimu zaidi. Wapitieni, mtapokewa vizuri.

Jua la Inuvik halitui tangu mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai, na hata baada ya hapo usiku hauwi giza kwa wiki kadhaa. Waislamu wa pale wamezoea kufunga kwa kufuata saa za Edmonton, kwa hiyo ninyi mna wepesi wa pekee: ratiba ya swala ya nyumbani kwenu ndiyo hiyohiyo, na saa ya Inuvik wakati wa kiangazi ni sawa na ya Edmonton. Yukon iko nyuma kwa saa moja, msisahau hilo mnapovuka mpaka. Msingi wake ni ile hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, ambamo Masahaba walimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu siku itakayokuwa ndefu kama mwaka, naye akawaambia wakadirie kiasi chake. Nanyi mkiwa wasafiri mna ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala. Mwulizeni imamu wenu kabla ya kuondoka ili moyo utulie.

Kibla kitawashangaza watoto. Kutoka Inuvik, njia fupi ya kwenda Makka inapita karibu na ncha ya dunia, hivyo mtaelekea kaskazini, na kidogo tu upande wa mashariki. Msitegemee dira ya sumaku bila kuirekebisha, kwa sababu huko sindano inapotoka kwa nyuzi nyingi. Njia rahisi ni kusimamisha fimbo wakati wa saa tisa alasiri kwa saa ya Inuvik: kivuli chake wakati huo kinaelekea kaskazini. Saa tisa usiku jua lenyewe ndilo linalosimama kaskazini.

Kuhusu usingizi, kateni vipande vya karatasi nzito ya alumini vinavyotoshea kila dirisha la gari, na muweke saa ya kulala isiyojadiliwa. Watoto wasipozuiwa watacheza hadi usiku wa manane bila kuchoka, kisha kesho yake safari nzima huwa kilio.

Mbu wa Julai ni wengi kupita maelezo, na wapo pia wale inzi weusi wadogo wanaouma nyuma ya masikio. Nunueni vyandarua vya kichwani kwa kila mtu, pamoja na nguo nyepesi za rangi isiyo nyeusi zenye mikono mirefu. Dubu nao wapo njia nzima. Msipikie wala kuacha takataka nje ya gari, chombo cha dawa ya kupulizia dubu kikae kiunoni mwa mtu mzima, na mkinunue Whitehorse, kwa sababu hakiruhusiwi kwenye ndege.

MamaNasra, Edmonton

Nawashukuru sana nyote. Tumekubaliana na mume wangu kupanda ndege hadi Whitehorse, na tumeanza kuwaandikia wenye magari tukiwauliza kuhusu Dempster kwa jina. Swali moja limebaki: kwa kuwa mbu hupungua baadaye, je, kuna ubaya kusogeza safari hadi nusu ya pili ya Agosti, kabla tu shule hazijafunguliwa?

MkaziWaYukon, Whitehorse

Hakuna ubaya, na kama ningekuwa mimi ningechagua wakati huo. Tundra huanza kugeuka nyekundu na dhahabu katika nusu ya pili ya Agosti, mbu wengi wamekwisha, na giza hurudi usiku kiasi kwamba anga ikiwa safi watoto wanaweza kuona taa za kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani, jambo lisilowezekana Julai. Mtakachokosa ni jua la usiku wa manane. Baridi ya usiku inaweza kufikia kuganda, kwa hiyo hakikisheni gari lina hita inayofanya kazi bila injini kuwashwa, na mwulize mwenye gari jinsi ya kuyaondoa maji kwenye mabomba yasigande. Theluji inaweza kuanguka kwenye milima ya Richardson, mpakani mwa Yukon na Maeneo ya Kaskazini-Magharibi, hata kabla ya Septemba. Basi siku zenu za akiba ziwe nyingi zaidi, na simu ya satelaiti au kifaa cha kutuma ujumbe kwa satelaiti kikodiwe mapema, kwa sababu kati ya Dawson na Fort McPherson simu ya kawaida haishiki isipokuwa labda penye kituo cha Eagle Plains.