Mambo Mbotela na tangazo la 1982: aliyesoma chini ya bunduki alivunja amana?

Mleta mada
Wadau, salaam. Nalileta hili tubishane kwa adabu. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa redio, mwana wa Freretown, Mombasa, aliyetuacha Februari 2025, wengi tunamkumbuka kwa "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi kilichoanza 1966. Nyumbani kwetu swali hilo lilikuwa fimbo. Ukila umesimama au ukimkatiza mgeni, baba hagombi, anainua macho tu, anauliza, "Je, huu ni ungwana?" Unakaa mwenyewe.

Sauti hiyohiyo ndiyo iliyotangaza, tarehe 1 Agosti 1982, kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Wanajeshi wa anga walimfuata nyumbani, wakampeleka Sauti ya Kenya, redio ya taifa wakati huo, akasoma walichotaka. Siku hiyohiyo askari watiifu kwa serikali, chini ya Jenerali Mahmoud Mohamed, wakaikomboa stesheni, na Mbotela yuleyule akatangaza kuwa serikali bado ipo. Mdomo mmoja, matangazo mawili yanayokinzana. Je, amana ya wasikilizaji aliivunja?

Kijana wa Ngara
Hakuivunja. Maiti hasomi taarifa. Angekataa wangempiga risasi na kutafuta mwingine. Fungeni mjadala.

Mama Mwalimu
Usifunge mapema, mwanangu. Kipaza sauti wanajeshi walikuwa nacho, na midomo yao walikuwa nayo. Walimtakia nini Mbotela? Walimtaka kwa kuwa watu walimwamini. Bila yeye, zile zilikuwa kelele za vijana wenye bunduki. Kwa sauti yake zikawa habari. Wanafunzi wa chuo kikuu waliingia barabarani kushangilia, maduka ya Wahindi Nairobi yakavunjwa, na zaidi ya watu 100 walikufa. Simhukumu marehemu. Lakini kila mwaka tunawafundisha watoto habari za Shadraka, Meshaki na Abednego, walioambiwa wasujudie sanamu wakachagua tanuru la moto. Tunawafundisha ili iwe nini?

Jirani wa Kisauni
Mwalimu, kwa hisani yako. Sura An-Nahl, aya ya 106, inamtoa kwenye lawama aliyelazimishwa hali moyo wake umetulia juu ya imani. Wafasiri wanaihusisha na Ammar bin Yasir, aliyeteswa Makka mpaka akatamka walichotaka. Akaenda kwa Mtume analia. Akaulizwa moyo wake ukoje, akajibu umetulia. Akaambiwa: wakirudia, nawe rudia.

Sasa tazama. Mama yake, Sumayya, alikataa kutamka, akauawa. Nyumba moja hiyo. Mama ni shahidi, mwana ni sahaba mtukufu, na sijasikia mtu akimtumia mama kumsuta mwana. Sisi ndio tunaomchukua Shadraka tukampigie Mbotela.

Mama Mwalimu
Hapo umenishika, shehe. Ila Ammar alitamka mbele ya watesi wake. Mbotela alitamka nchi nzima ikisikiliza.

Nilikuwa Hewani
Niingie kidogo. Nimetangaza miaka kumi na moja, stesheni siitaji. Hakuna aliyenielekezea bunduki. Niliwekewa karatasi ya dawa ya kienyeji inayotibu sukari, presha na nguvu za kiume, yote kwa chupa moja. Tena kusoma tu hakukutosha, nilitakiwa niseme nimeinywa mimi nikapona. Nikasema. Kodi ya nyumba ilikuwa imelala miezi miwili.

Wiki iliyofuata bibi mmoja alikuja mpaka getini, chupa mbili zimefungwa kwenye kanga. Akaniuliza ainywe kabla ya chakula au baada, maana mimi ndiye niliyepona. Nikamwambia aende kliniki kwanza. Kwamba sijawahi hata kuionja, hilo sikumwambia.

Kijana wa Ngara
Njaa nayo ni bunduki, mzee wangu. Usijitese.

Nilikuwa Hewani
Hapana, kijana. Mtutu ulipoondoka, Mbotela alirudi hewani siku hiyohiyo akasema lililo kweli. Mimi kodi nililipa, na lile tangazo likaendelea kupigwa kila asubuhi kwa sauti yangu, limerekodiwa, mpaka nilipoacha kazi. Ningeweza kwenda kwa meneja niseme liondolewe. Sikwenda.

Mleta mada
Mada yangu imehama, lakini naona imehamia pazuri. Jirani wa Kisauni, kulazimishwa kunaanzia wapi?

Jirani wa Kisauni
Wanazuoni wameweka masharti. Anayekutisha awe na uwezo wa kutekeleza, nawe usiwe na pa kukimbilia. Bunduki chumbani inatimiza yote. Kodi ya miezi miwili, nasita. Mwenye nyumba hakukusomesha tangazo. Lakini nami sina watoto wa kulala nje, basi nisijifanye kadhi.

Na yule bibi, alirudi?

Nilikuwa Hewani
Sikumwona tena.