MJADALA: R22 bado inafaa kufundishia marubani wetu wa helikopta?

Mwewe_wa_Ngong
Wakuu, salamu. Karibu kila kijana wetu anayetaka kusomea helikopta anaelekezwa Robinson R22, ile helikopta ndogo ya pistoni ya watu wawili, na sababu ni moja tu: bei ya saa yake ya kuruka ni nafuu. Mimi nasema KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya) na wenzao wa TCAA wa Tanzania waweke sharti, kwamba kwenye viwanja vya juu kama Wilson, Nairobi, mwanafunzi asianzie R22.

Wilson iko futi 5,500 na ushei juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 28 hewa ni nyepesi hata helikopta inajiona iko juu ya futi 8,000. Chombo chenyewe mwisho wa uzito ni kilo 622, na kikiwa kitupu tayari ni kama 400. Pakia watu wawili wa kilo 85 kila mmoja, jaza tangi kubwa, umefika ukomo hata chupa ya maji hujaweka. Mbadala upo: Cabri G2, Schweizer 300, R44. Tujadili kwa hoja, matusi tuyaache.

Kapteni_Mstaafu
Kijana, hesabu zako ni za mtu aliyesoma vipeperushi. Unachanganya R22 ya zamani yenye injini ya O-320 na toleo la baadaye, Beta II. Beta II ina O-360, injini ya nguvu farasi 180 iliyobanwa makusudi isizidi 124 kwa mwendo wa kudumu. Ile akiba iliyobanwa ndiyo inayokutetea ukiwa juu. Hii mashine iliruka mara ya kwanza 1975, ikapata cheti 1979, na dunia nzima imejifunzia humo. Anayeimudu R22 hakuna helikopta itakayomtisha. Nyie wa siku hizi mnataka kulelewa.

Spana_17
Niongee kama fundi. R22 haina ubaya ikitunzwa. Injini haijaunganishwa na rota (mapanga ya juu) moja kwa moja, kuna mikanda miwili ya mpira inayokazwa na kimota kidogo. Kile kimota kikikaza, taa ya klachi inawaka kwenye dashibodi, kisha inazima. Ikiwaka angani ikakawia kuzima, rubani anavuta kikatishi cha umeme wa kile kimota na kutafuta pa kutua. Sasa nimewahi kupokea mashine kutoka shule moja (siitaji) ambayo wanafunzi walishaizoea ile taa kama taa ya Krismasi. Baada ya saa 2,200 au miaka 12 mashine nzima inafumuliwa, na hapo ndipo wenye shule wanapoanza kukosa usingizi. Angalieni matunzo kabla ya kulaumu muundo.

Mswahili_wa_Tanga
Tatizo si futi 5,500. Tatizo ni nyama choma. Hao wa Wilson wapungue, R22 itawabeba vizuri tu. Huku pwani sisi wenye miili ya kawaida tungeruka nayo bila shida.

Mwewe_wa_Ngong
Mswahili, nilisema tujadili kwa hoja. Kilo 85 ni mtu wa kawaida, si kitambi. Na usisahau mwalimu naye ana mwili, si kivuli. Halafu huko pwani mna helikopta ngapi za mafunzo mpaka mtupe somo?

Kilo_112
Nimesoma nikajisikia vibaya. Kiti cha R22 mwisho wake ni kilo 109 pamoja na ulichoweka chini ya kiti. Kwa hiyo mimi hata nikija uchi sifai. Huu si ubaguzi?

Mswahili_wa_Tanga
Kaka Kilo, wewe ndiwe ushahidi wangu namba moja. Shukrani kwa kujitokeza.

DadaPedali
Naomba tutoke kwenye matumbo. Swali la kwanza lingekuwa: huyu mwanafunzi akimaliza atarusha nini? Ukizunguka Wilson, Mara, Kaskazini mwa Kenya, hata uokoaji wa mlimani, sehemu kubwa ya kazi ni helikopta ya AS350 ya Kifaransa, sasa wanaiita H125. Rota yake inazunguka kulia, yaani kama mishale ya saa ukiiangalia kutoka juu. Robinson na Schweizer zinazunguka kinyume. Maana yake ukivuta kolektivu (wenzo wa kupanda na kushuka) kwenye R22 mguu wa kushoto ndio unaokanyaga pedali, kwenye AS350 ni wa kulia. Miguu hujifunza kabla ya kichwa, na siku ya upepo mbaya kwenye kichaka ndiyo miguu itakayojibu. Cabri G2 ya Bruno Guimbal, aliyekuwa mhandisi wa kiwanda cha Eurocopter, inazunguka upande uleule wa AS350 na ina rota ya mkia iliyofunikwa. Matangi na viti vyake vimeundwa kwa kufikiria ajali. Ina adabu zake pia: pedali zake zinataka mguu uliochangamka, na aliyezoea R22 hushangaa pua inapomponyoka. Lakini kwa soko letu, nadhani hoja ya mwelekeo wa rota ina uzito kuliko bei ya saa. Na tuache kusifia walimu wanaofoka eti ndio wanaotoa marubani bora.

Kapteni_Mstaafu
Binti, mimi sijawahi kufoka. Nilipaza sauti, na niliowapazia sauti wako hai mpaka leo. Unajua R22 inakupa muda gani injini ikizima? Rota yake ni nyepesi, haihifadhi mwendo. Ni sekunde moja, moja na nusu, uwe umeshashusha kolektivu. Ukichelewa, rota inapoteza mzunguko, na ikishuka chini ya asilimia 80 ya mwendo wake wa kawaida, ongeza moja kwa kila futi 1,000 za mwinuko, mapanga yanaacha kunyanyua na hayarudi tena. Hapa kwetu hiyo ni 85 au 86. Sasa mwanafunzi anawaza pedali wakati honi ya kuonya rota inalia, nimwambie "tafadhali mwanangu"?

Bosi_wa_Anga
Kapteni, hapo umenena. Mwalimu wangu alinipiga mkono kwa kalamu mpaka leo naona alama. Nilifaulu.

DadaPedali
Ulifaulu licha ya kalamu. Na Kapteni, hukujibu hata mstari mmoja kuhusu rota. Halafu umejieleza mwenyewe: mashine inayompa mwanafunzi sekunde moja na nusu ndiyo unayotaka aanzie?

Kapteni_Mstaafu
Ndiyo. Ndipo anapojifunza.

Spana_17
Lakini Kapteni, tuseme ukweli, Frank Robinson mwenyewe hakuibuni iwe ya shule. Aliitaka iwe ya mtu binafsi, bei ya chini, matunzo rahisi. Shule ndizo zilizoivamia kwa sababu ya bei.

Mzalendo_Orlando
Huku Marekani FAA, mamlaka yao ya anga, waliliona hilo. Mwaka 1995 walitoa kanuni maalumu, SFAR 73: mwanafunzi asiruke R22 peke yake mpaka awe na saa 20 za kufundishwa ndani ya R22 yenyewe. Sababu mojawapo ni rota ya mapanga mawili. Ukisukuma stiki (wenzo wa kuelekeza) mbele ghafla, mwili unakuwa mwepesi kama lifti inayoshuka, na rota ya mkia inaisukuma mashine ilalie kulia. Mwanafunzi kwa silika anavuta stiki kushoto, kitovu cha rota kinagonga mlingoti unaoibeba, na hapo hakuna cha kusimulia. Dawa ni kurudisha stiki nyuma taratibu kwanza. New Zealand nako mwaka 2016 wachunguzi wao wa ajali waliziweka Robinson kwenye orodha ya mambo ya kuangaliwa, na idara yao ya uhifadhi ikasimamisha kuzitumia.

Bosi_wa_Anga
New Zealand wana upepo wa milimani, usitulinganishe. Na wewe uliyeko Orlando, kwa nini usirudi ufundishe nyumbani badala ya kutuhubiria?

Mzalendo_Orlando
Nirudi nifundishe kwa mshahara gani? Taja tu.

Bosi_wa_Anga
Si ndiyo hiyo. Uzalendo wa jina.

Jeshi_la_Mtu_Mmoja
Mnajisumbua na vidude vya pistoni. Jeshi la Marekani kule Alabama lilitoka helikopta ya Bell 206 ya injini moja likaenda Lakota ya injini mbili kwa mafunzo ya mwanzo. Wenye akili wamesonga mbele.

Mzalendo_Orlando
Ndugu, hao wenye akili sasa wanataka kurudi injini moja. Lakota ina injini mbili na mitambo inayomsaidia rubani, mwanafunzi hafanyi otorotesheni (kutua injini ikiwa imezimwa) ya kugusa ardhi. Walimu wakalalamika kwamba misingi inapwaya. Na Robinson nao wamejitokeza kuuza R66, helikopta yao ya tabaini, kwa mpango huo. Kabla ya hapo, miaka ya 60, jeshi hilohilo lilifundishia Hughes ya pistoni, TH-55, baba yake Schweizer 300.

Mwewe_wa_Ngong
Asante! Schweizer: mapanga matatu, haina ile hatari ya kitovu kugonga mlingoti. Ndiyo hoja yangu.

Spana_17
Ina yake. Ukitua vibaya na vifyonza-mtikiso vya miguu vimechoka, inaanza kutikisika ardhini mpaka ijivunje vipande. Nimeiona kwenye video tu, inatosha. Na vipuri vyake utavisubiri.

Mama_wa_Wawili
Samahani, mimi ni mzazi tu, mwanangu anataka hii kozi. Nimesoma yote. Naambiwa leseni binafsi ni saa 40 za kuruka, je, ndizo zinazompa kazi?

DadaPedali
Hapana, mama. 40 ni kiwango cha chini cha kuruka kwa starehe. Ya biashara inaanzia 100 kwenye kozi iliyoidhinishwa, au 150 nje ya hapo, na waajiri wengi wanataka zaidi sana. Uliza shule mapema mwanao atazipata kwenye mashine gani, na kama mafuta yapo. Pistoni zote hizi, R22, R44, Cabri, Schweizer, zinakunywa petroli ya ndege, ambayo si kila uwanja inapatikana. Jet A-1 iko kila mahali, lakini hiyo ni ya tabaini na bei ya saa inaruka.

Bosi_wa_Anga
Mama, kazi itapatikana mwaka wa uchaguzi. Wanasiasa wote wanapanda chopa.

Mswahili_wa_Tanga
Hayo mambo si ya Kenya peke yake. Kwetu Tanzania Chadema walizunguka na helikopta tangu 2005, watu walikwenda mkutanoni kuiona chopa tu, sera baadaye.

Jeshi_la_Mtu_Mmoja
Na huko shuleni rubani anafundishwa kukataa? Mheshimiwa kachelewa, jua linazama, watu wamejaa uwanjani na vumbi, wewe kijana wa saa 300 utamwambia hapana?

Kapteni_Mstaafu
Utamwambia. Nimewahi kumwacha mheshimiwa mmoja uwanjani na wapambe wake, akapiga simu mbele yangu ili nifukuzwe kazi. Hicho hakuna helikopta inayokufundisha, iwe R22 iwe Cabri.

Bosi_wa_Anga
Na ulifukuzwa?

Kapteni_Mstaafu
Nilihamishwa. Tusiingie huko.

Mwewe_wa_Ngong
Wakuu, sharti la KCAA mnaliunga mkono au la? Kurasa tatu sasa.

Kilo_112
Mimi nauliza R44 kiti chake kinabeba ngapi.

Spana_17
Kilo 136. Ina haidroliki, stiki ni laini. Ila hakikisha ni yenye matangi ya mpira ndani, zile za zamani zilikuwa zinashika moto zikianguka, Robinson wenyewe wakaagiza zibadilishwe.

Kilo_112
Basi mimi upande wangu mjadala umeisha. Nani anamjua daktari wa anga, wa kupima marubani, asiye mkali kwenye presha?

Mswahili_wa_Tanga
Huyo hata Tanga hayupo.