Tupeane uzoefu: Mliowahi kulala ryokan, zile nyumba za wageni za kale za maji moto kule Japani, siku ya kwanza ilikuwaje?

Mpemba wa Nagoya
Wakuu, heshima kwenu. Leo asubuhi mtu kanitumia picha ya Ginzan Onsen usiku (onsen ni chemchemi ya maji moto ya kuogea): theluji juu ya mapaa, taa za njano, nyumba za mbao pande mbili za mto. Chini kaandika "pepo ya duniani". Nikacheka peke yangu. Picha haisemi kwamba ukivuka kizingiti unavuliwa viatu, na kabla ya chakula cha jioni umeshavuliwa na vingine vyote.

Najua humu wamo waliosoma kule, walioenda mafunzo ya JICA, shirika la misaada la Japani, wauza magari, na waliooa. Tupeane bila kufichana. Mimi naanza na dogo: Kusatsu, mji wa onsen, maji yake makali kama ndimu. Niliingia na pete ya fedha ya marehemu babu, nikatoka nayo nyeusi tii. Wafanyakazi wenzangu walikuwa wanajua, wakanyamaza. Kuna aliyewahi kuirudisha rangi?

Kobe wa Ughaibuni
Dawa ya meno na kitambaa laini. Inarudi kama mpya.

Sonara Mstaafu
Dawa ya meno inakwaruza fedha, msimpotoshe. Weka karatasi ya alumini kwenye bakuli, magadi ya kuokea, mimina maji ya moto, tumbukiza.

Mtoto wa Makorora
Uchi wa mnyama mbele ya wazee wa watu. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka, mengine nimesahau.

Beppu Ndiyo Kwetu
Miye nimesoma Ritsumeikan pale Beppu. Chuo kiko juu mlimani. Ukiteremka mjini mvuke unatoka mpaka kwenye mitaro. Kwa wanafunzi onsen haikuwa anasa. Chumba nilichopanga hakikuwa na bafu, kwa hiyo jioni unabeba beseni, sabuni na sarafu zako, unaenda bafu la mtaa. Mara ya kwanza nilijifunga kanga. Bibi mmoja akanivuta taratibu, akaifungua, akaikunja vizuri pembe kwa pembe, akaiweka kapuni, akanionyesha kigoda. Hakusema neno.

Basi utaratibu ni huo: unakaa kigodani, unajisugua, unajisuuza mpaka povu lote liishe, ndipo unaingia kwenye bwawa. Kile kitaulo kidogo hakiingii bwawani, unakiweka kichwani. Uchi haumuudhi mtu pale. Povu ndilo litakaloleta kesi.

Wenye haya waende Takegawara, bafu lililoanza 1879, wana bafu la mchanga. Unavaa yukata, lile joho jepesi la pamba, unalala chali, akina mama wanakufukia kwa koleo mpaka shingoni, na mchanga umepashwa na maji ya ardhini. Jasho linakutoka mpaka masikioni.

Kobe wa Ughaibuni
Na baada ya kufukuliwa, huo mchanga unauoga ukiwa umevaa nini, dada?

Beppu Ndiyo Kwetu
Hapo sasa kila mtu na Mola wake, hahaha.

Abu Swabri
Mnacheka lakini jambo si la kucheka. Mwanamume stara yake ni kitovu hadi goti, hata mbele ya wanaume wenzake. Nimekaa kule kwa masomo na sikuwahi kuingia bwawa la pamoja. Na chakula chao vilevile: hata samaki wa kuchoma kapakwa mirin, ile divai tamu ya mchele ya kupikia, na ina kilevi. Muislamu anayejisifu kulala ryokan ajiulize alikula nini.

Mtoto wa Makorora
Shehe, mleta uzi kaomba uzoefu, hakuomba fatwa.

Abu Swabri
Na huo ndio uzoefu wangu. Au uzoefu ni wa wanaovua tu?

Dereva wa Fuso
Jamani msigombane, dawa ipo. Ryokan nyingi zina bwawa la faragha, wanaliita kashikiri. Unaandika jina ubaoni au unapewa ufunguo, mnaingia na familia yako, mnafunga komeo. Kwingine bure, kwingine unalipia. Chakula nacho wape taarifa siku kadhaa kabla, kwa sababu wananunua vitu kwa hesabu ya wageni waliojiandikisha. Ukisema "sili nguruwe" ukiwa umeshakaa kwenye tatami, mikeka ya chumbani, utaletewa wali, kachumbari na masikitiko.

Piko la Lamu
Mimi shida yangu haikuwa haya. Nilikwenda wiki chache baada ya harusi ya dada yangu, piko bado nyeusi, mikono hadi viwiko, miguu hadi muundi. Mhudumu wa kike akaniona kwenye mlango wa bafu akakunja mikono alama ya X. Kadhani ni tattoo. Nikasugua mkono kumwonyesha kuwa ni rangi ya harusini, bahati mbaya piko lilikuwa zuri, halikutoka hata chembe! Kaitwa meneja, kaja na tabasamu na vibandiko vya kufunikia. Vibandiko vyenyewe vinatosha ua moja la kwenye kiganja. Mume wangu anacheka mpaka amekaa chini. Mwisho tukapewa bwawa la faragha bila malipo, saa nne usiku, nyota zote zetu. Kwa hiyo sijui kama nilalamike au nishukuru.

Mwenye piko au tattoo aende Kinosaki, mji mwingine wa onsen. Yale mabafu ya mji hayakatazi, na ukilala ryokan yoyote pale unapewa pasi ya kuyazunguka yote ukiwa umevaa yukata na viatu vya mbao, ko-ko-ko barabarani.

Mti Mkavu
Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuniuliza, na sasa ameniambia nisipoandika mimi ataandika yeye. Haya.

Mimi ni wa Tukuyu, mke Mjapani. Baada ya ndoa baba mkwe alikuwa haongei nami. Si kwa ubaya, haongei tu. Tukikutana anainamisha kichwa, anaangalia televisheni. Mwaka mmoja mwisho wa mwaka akatulipia sote ryokan moja ya zamani milimani Gunma, ngazi zinalia, korido baridi, milango ya karatasi. Chai haijapoa akasimama, akaninyooshea kitaulo, akasema neno moja tu: "Furo." Yaani bafu. Nikamtazama mke wangu. Akanitazama kama mtu aliyekwisha kupanga.

Wakuu, kwetu mkwe humwangalii machoni. Leo niko naye kwenye chumba cha kubadilishia nguo na mzee anakunja suruali yake kwa utulivu kabisa. Tukakaa vigodani, mimi nimetazama kioo changu, macho mbele. Mara mzee kageuka, kanipa mgongo, kanipa kitaulo chenye sabuni. Nikaelewa. Nikamsugua baba mkwe mgongo. Bega la kushoto alikuwa na kovu refu, na nilipofika pale akaanza kusema mwenyewe: boriti ilimwangukia kazini akiwa kijana kuliko mimi. Akaendelea. Kijapani changu wakati ule cha kuokoteza, lakini nilisikia jina la mke wangu, nikasikia "mbali", nikasikia "wasiwasi". Kisha akanisugua na mimi.

Tukaingia bwawani. Moto! Siyo wa kuzoea. Nikasema moyoni, mtoto hainuki kabla ya mzee. Mzee kakaa. Nimekaa. Jasho, moyo unapiga ngoma, ncha za vidole hazina habari. Mzee mwekundu kama nini sijui, lakini hainuki. Baadaye ndiyo nikaambiwa na yeye alikuwa ananisubiri mgeni nitoke kwanza!

Nikasimama. Taa zikazima.

Nilipofungua macho niko sakafuni kwenye chumba cha kubadilishia, upepo unanipiga usoni. Baba mkwe kanibeba begani, uchi wote wawili, kapiga kelele. Na anayenipepea kwa kipepeo cha karatasi, amepiga magoti, uso umejaa huruma, ni MAMA MKWE.

Kobe wa Ughaibuni
Uzi umefika mwisho. Mods fungeni.

Mtoto wa Makorora
Swali moja tu: kitaulo kilikuwa wapi?

Mti Mkavu
Kipajini. Na maji baridi.

Mtoto wa Makorora
KIPAJINI!!!

Piko la Lamu
Nimeacha kupika.

Rungwe Mashariki
Mti Mkavu pole, lakini usiisingizie Tukuyu. Mwiko mkali wa Wanyakyusa ni baba mkwe na mke wa mwanawe, hao ndio hawaonani. Wewe na baba wa mkeo huo ni ubishi wako tu.

Mti Mkavu
Kaka, wewe ungekuwa umelala pale ungeanza kupanga miiko kwa madaraja? Nilipompigia bibi simu aliuliza kama Wajapani wanapokea ng'ombe wa faini.

Rungwe Mashariki
Kwa la mama mkwe ng'ombe anaingia. Hilo sibishi.

Beppu Ndiyo Kwetu
Ushauri jamani kabla mtu hajafa: maji ya onsen mara nyingi ni digrii 40 hadi 42, kwingine zaidi. Jimwagie kwanza miguu na mikono kwa ndoo, kaa dakika chache, toka, pumua, rudi. Kunywa maji kabla. Usiingie baada ya pombe.

Dereva wa Fuso
Mimi huingia baada ya pombe na niko hai.

Beppu Ndiyo Kwetu
Endelea tu.

Mwalimu Voi
Nimechelewa. Kuna mtu aliwahi kulala ile kongwe kuliko zote duniani, Hoshi ya Ishikawa, ya mwaka 718? Natamani kufika.

Mpemba wa Nagoya
Hiyo ilipitwa. Wale wa rekodi za dunia, Guinness, tangu 2011 wanaitambua Keiunkan ya Yamanashi, mwaka 705.

Mwalimu Voi
Lakini Hoshi imeshikwa na familia moja vizazi arobaini na kitu. Uzee wa kweli ni huo.

Mpemba wa Nagoya
Mwalimu, tulikuwa tunaongelea mwaka. Halafu ujue kongwe ni biashara yenyewe, siyo mbao. Jengo la Keiunkan ni la kisasa, utaenda ukutane na lifti. Anayetaka mbao zenyewe aende Sekizenkan pale Shima, sehemu yake ya zamani ni ya 1691, au Kanaguya ya Shibu, ghorofa nne za mbao. Shibu ina raha nyingine: mgeni wa kulala anakabidhiwa ufunguo, anazunguka mabafu tisa ya mtaa.

Dereva wa Fuso
Nyumba za mbao mwenzako akikohoa chumba cha tatu wewe unamjibu pole. Na kingine hamjasema: bei ni kwa kichwa, siyo kwa chumba, kwa sababu chakula cha jioni na asubuhi vimo. Na chakula kina saa. Niliwahi kutoka mnada wa magari nikafika saa tatu usiku, jiko limefungwa. Nimelipia meza nzima, nimelala na pakiti ya biskuti. Ukikadiria kuchelewa, piga simu mapema.

Kobe wa Ughaibuni
Ule kabla hata kama unawahi. Visahani kumi na kitu, kila kimoja tonge moja.

Piko la Lamu
Usile kabla! Mimi nilishindwa kumaliza, na wali ulikuwa bado haujaletwa. Na yukata: upande wa kushoto uwe juu ya wa kulia. Mume wangu alifunga kinyume, mhudumu akamkimbilia koridoni kumfunga upya. Kinyume huvalishwa maiti.

Abu Swabri
Hilo la faragha na la kuandika chakula mapema sikuwa nimelipata. Dereva wa Fuso, mama yangu ana baridi yabisi na anakuja Novemba. Kuna nyumba ya zamani isiyo na ngazi nyingi?

Dereva wa Fuso
Shehe karibu. Za mbao nyingi ni ngazi tupu, waulize kwanza kama wana chumba cha chini na vitanda, maana kuinuka kwenye godoro la sakafuni kwa magoti yale ni kazi. Ningekuwa wewe ningempeleka Beppu, mtaa wa Kannawa, chakula kinapikwa kwa mvuke wa ardhini, unanunua samaki na mboga zako mwenyewe unapika. Hakuna mirin.

Mtoto wa Makorora
Mti Mkavu, baba mkwe sasa hivi anaongea?

Mti Mkavu
Hanyamazi. Na ameshaweka nafasi ya mwaka huu.