Wapasua kuni kwa mtindo wa Malevich: magogo yanatoka bapa, weupe unakuwa majivu

Turubai_Makete
Wakuu, habari za baridi. Naandaa zoezi la wanafunzi: wapasua kuni wa huku Makete mwezi wa saba, umande ukiwa umeganda, kwa mtindo wa Malevich, mchoraji wa Urusi ya mwanzo wa karne ya 20. Tunatumia rangi za mafuta. Magogo yanatoka bapa na weupe wa umande ardhini unafanana na majivu. Shida iko wapi?

Brashi_Pana
Mkuu, itazameni picha yake "Mpasua Kuni" ya 1912, iko makumbusho ya Stedelijk, Amsterdam. Mtu na magogo vimejengwa kwa maumbo yale yale, silinda na koni, na magogo yamejaa kila upande. Malevich hafuati jua moja. Kila kipande kina mwanga wake na giza lake, na ukingo wenye giza unakutana na ukingo wenye mwanga wa kipande jirani. Wanafunzi wakiangaza kila kitu kutoka kushoto, rangi mbili zenye giza sawa zitagusana na gogo litapotea.

Kwa gogo moja, changanyeni ngazi 5 za rangi, kutoka giza hadi mwanga, kwenye paleti (ubao wa kuchanganyia) kabla ya kugusa turubai. Pakeni mistari 5 kufuata urefu wa gogo, kisha pitisheni brashi kavu kwenye maungio tu, mkiifuta kwa kitambaa kila mkupuo. Isipofutwa inabeba giza hadi kwenye mwanga, mnabaki na tope.

Kuni_na_Rangi
Majivu yanatokana na nyeusi. Iondoeni kabisa kwenye vivuli vya weupe huo. Tazameni theluji ya Malevich: katika "Asubuhi Kijijini Baada ya Dhoruba ya Theluji" (1912, makumbusho ya Guggenheim, New York), wanawake waliobeba ndoo wanapita kwenye theluji yenye buluu na wekundu upande wa kivuli. Anzeni na nyeupe ya titani, ongezeni ultramarini (buluu nzito) kwa ncha ya kisu, halafu chembe ya nyekundu.

Ila kwa wanaoanza ningewapa kwanza mchoraji mwingine wa Urusi, mwanamke aitwaye Goncharova: "Majira ya Baridi: Kuokota Kuni" ya 1911, iko jumba la sanaa la Tretyakov, Moscow. Alichota sana kwenye picha za kienyeji za Kirusi zilizochapwa kwa mbao: mistari minene, rangi bapa. Kwake ubapa ni nguvu ya picha.

Turubai_Makete
Asante sana wakuu. Na kukauka je? Kwa baridi hii tabaka la kwanza linabaki bichi.

Brashi_Pana
Tabaka la kwanza liwe jembamba, lenye terpentini (kimiminika cha kuyeyushia rangi). Mafuta ya kitani yaongezwe kwenye tabaka la juu. Mkigeuza mpangilio, juu patakauka mapema na kupasuka chini kukiwa bado kunasogea. Turubai zikae chumba chenye hewa na mwanga, mbali na jiko la mkaa, maana masizi yananata kwenye nyeupe mbichi.