Tupeane uzoefu: gari la umeme la spoti au gari la familia?

Mleta mada, Milton Keynes, Uingereza

Ndugu zangu, shikamooni mnaostahili, na salamu kwa wengine wote. Gari letu la dizeli limefika mwisho wake, na tangu Januari mimi na mke wangu tumekuwa tukivutana juu ya litakaloshika nafasi yake. Mimi ninaitamani Porsche Taycan iliyotumika, gari la umeme la spoti, kwa kuwa tangu ianze kuuzwa, mwaka 2019, bei ya zilizotumika imeshuka kwa kasi hata mtu wa kipato changu anathubutu kuuliza. Mwenzangu anataka Skoda Octavia ya stesheni wagoni, ambayo buti lake lina lita 640, ilhali Taycan ya kawaida ina kama lita 400 nyuma na kama 80 mbele. Watoto wetu ni wa miaka mitatu na saba, na kwa sheria ya hapa watakaa kwenye viti vya watoto hadi watimize miaka 12 au kimo cha sentimita 135. Tafadhali msiniambie nifuate moyo wala nitumie akili, maana yote mawili nimeshaambiwa na shemeji zangu. Naomba yaliyowakuta ninyi mlipoishi na magari haya baada ya furaha ya wiki ya kwanza kuisha.

Mchangiaji, Oslo

Nilikuwa na gari la umeme la spoti, la viti viwili, kwa miezi kumi na sita. Hatukuwa na mtoto, na Norway ilikuwa imetulegezea: tangu mwaka 2001 magari ya umeme yalisamehewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25, na ni mwaka 2023 tu msamaha huo ulipowekewa kikomo cha kroner 500,000 za kwanza za bei ya gari. Kwa hiyo kitu ambacho kwingine kingeitwa anasa, hapa nilikihesabu kuwa busara. Mwezi wa kwanza niliomba kila taa iwe nyekundu, ili nipate kuondoka upya.

Kisha mama akaja kutoka Tanga. Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Gardermoen na gari, mke wangu akaja kwa treni, kwa sababu watatu hatukuweza kuenea. Wakati wa kurudi masanduku mawili ya kilo 23, moja likiwa na dagaa, yalisafiri kwa treni pamoja na mkwe. Mama hakupata taabu kuingia garini, maana kuingia kulikuwa sawa na kujiachia kuanguka, lakini kutoka kulihitaji watu wawili, kwa magoti yake yale. Aliposimama akaniuliza kwa upole kama gari hili ni letu au ni la mtu mmoja. Sikuwa na jibu, na kwa kweli tangu siku hiyo sikulifurahia tena.

Niongeze jambo la baridi, ingawa hilo si kosa la spoti peke yake. Betri ikipoa hupunguza uwezo wake, na kipasha joto cha ndani nacho hula umeme uleule, hivyo safari yetu ya Lillehammer, kama kilomita 180, ambayo Julai tuliimaliza bila kusimama, Februari ilitulazimu kuchaji njiani. Leo tuna Skoda Enyaq, ya umeme vilevile, yenye buti la lita 585. Utamu haukupotea wote, kwa sababu mota ya umeme hutoa nguvu yake tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, liwe la spoti au la kubebea mboga.

Mchangiaji, Nairobi

Huku kwetu matuta ndiyo huamua. Rafiki yangu aliniazima gari lake la spoti Jumamosi moja, na kutoka Kilimani hadi Rongai nililipitisha kila tuta mshazari, kama kaa, huku watoto wakihesabu mara ngapi tumbo limekwaruza. Jumatatu nikalipia Toyota Noah.

Mchangiaji, Hamburg

Mimi ni mke wa aliyeshinda mvutano kama wenu. Gari lilinunuliwa, la milango minne, na kwenye karatasi lilikuwa la familia. Lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani mbili na nguvu nyingi tangu kusimama, kwa hiyo matairi yaliisha upesi, nasi huku tunahitaji seti mbili, ya kiangazi na ya baridi. Hilo lingevumilika. Lililoniumiza ni kwamba watoto waliendelea kubebwa na mimi katika kigari changu cha zamani, kwa sababu viti vya ngozi vya gari la mume wangu havikutakiwa kuona maji ya matunda. Kabla ya kulinganisha lita za buti, ndugu, andika ni nani anayeendesha, na nani amekaa nyuma.

Mleta mada

Nimerudi baada ya wiki mbili, na ushauri wa dada wa Hamburg niliufuata kwa daftari. Safari zilikuwa 27, na nilizokwenda peke yangu zilikuwa tatu: kinyozi mara moja, mkate mara mbili. Bima nayo ilinirudisha nyuma, kwa kuwa hapa magari hupangwa katika makundi ya bima na niliyoitamani imo miongoni mwa yaliyo ghali zaidi. Tena nyumba yetu haina pa kuegesha ndani, kwa hiyo ningechaji barabarani, ambako umeme hutozwa kodi ya asilimia 20 badala ya 5 ya nyumbani. Jambo hili nilikuwa nalijua tangu mwanzo, nikaacha kulitaja.

Tumelipia kianzio cha Octavia. Taycan tumekubaliana kuikodi kwa siku moja, ndoa yetu itakapotimiza miaka kumi, na watoto watabaki kwa shangazi yao.